Nguzo, Jitu na Dirisha la Bi Zuwena

Nilijiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe, sikusukumwa na mtu, na mpaka leo nikipita kichochoroni kwetu natazama chini kama niliyedondosha sindano.

Mimi ni fundi cherehani (shule niliiacha darasa la sita, wazee wetu walipotutoka, nikawa baba na mama wa wadogo zangu wawili, Nassor na Rahma). Hao wawili wana mchezo wao wa mezani: wanachora mapango kwenye karatasi ya miraba, wanarusha dadu, na vifungo vyangu vya nguo ndiyo mashujaa na mazimwi. Nassor anasimulia na kuendesha maadui, Rahma ni mpiga mishale (kifungo cha lulu, kilibaki kwenye gauni la harusi, Mungu anisamehe). Alasiri ile ilikuwa ya mwisho, maana asubuhi yake Nassor anapanda boti kwenda chuoni bara, na ndiyo hiyo hiyo wakachagua kugombana.

Mpiga mishale kajibanza nyuma ya nguzo, jitu linamjia, Rahma anataka kulipiga kabla halijamfikia. Nassor anasema huwezi kupiga usichokiona, nguzo imekukinga. Rahma anasema kama mimi silioni, basi nalo halinioni, sasa linanijiaje? Nikanyoosha uzi kutoka mraba wake mpaka kwenye jitu, kama sheria inavyotaka, uzi ukapita umeigusa nguzo. Sasa kugusa ni kukingwa au si kukingwa? Rahma machozi yako karibu, Nassor kanuna, na mimi nshaapa hawa hawaagani wamenuniana.

Basi nikasema, kwa akili yangu timamu, "Tujaribu nje."

Nassor akabaki juu dirishani, yeye ndiye jitu. Mimi nikashuka na mti wa chandarua kuwa upinde, futi ya kupimia nguo shingoni, nikachutama nyuma ya nguzo ya nyumba ya mbele, nikafumba jicho moja. Barazani wazee wanakunywa kahawa.

"Fundi, unawinda nini?" mmoja akauliza.

"Jitu," nikamjibu (naam, hivyo hivyo).

"Dada, sema unachokiona," Nassor akapaza sauti. "Kila kitu, usimpendelee mtu."

Hakimu mwadilifu mimi, nikaitoa sauti yote: "Naona kiwiko chako, naona bega, naona nusu ya uso, naona Bi Zuwena kajifunga kanga moja, kichwa wazi, anachana nywele."

Dirisha la Bi Zuwena limepakana na letu. Baraza nzima ikainua vichwa. Mbao za dirisha zikabamizwa, kisha sauti ikatoka ndani.

"Mwanaidi, unanitangaza?"

"Nsamehe, Bi Zuwena, nilikuwa natazama jitu."

"Jitu ndiyo mimi?"

(Bi Zuwena ana mwili, nami nilisahau.) Nikazidi kujichimbia: "Si wewe, jitu ni Nassor, wewe nguzo imekukinga, kwa sheria hata sikuoni."

"Kama hunioni, kanga moja umeijuaje?"

Mzee mmoja kahawa ikampalia.

Nikapanda ngazi na mti wangu, nikawakuta wadogo zangu wako sakafuni, wameshikana, wanacheka mpaka hawapumui.

"Hukumu ishatoka," Nassor akasema, anafuta macho. "Kama pale nguzoni umemuona mpaka Bi Zuwena, jitu linaonekana. Rusha dadu, Rahma."

Akarusha, jitu likafa (kifungo cha koti, kikabingirika chini ya cherehani).

Baada ya magharibi nikaenda kuomba radhi. Nikapiga hodi mara tatu, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniacha nimesimama, halafu akanitilia bakuli la visheti mkononi.

"Mpe Nassor ale safarini," akasema. "Mwambie vimetoka kwa jitu kubwa."

Tangu siku hiyo hukumu zangu zinaishia mezani: uzi ukigusa nguzo, adui anaonekana, piga. Na nikiwa kichochoroni, hata aniulize nani, mimi sijaona kitu.