Kitambaa Juu ya Skrini Yangu

Leo nimefungua macho katikati ya maombi, na sijutii!

Naandika haraka kabla bosi hajataka laini ya simu, maana ndiyo hiyo hiyo ya intaneti.

Mnakumbuka ile websaiti ninayojenga hapa ofisini Meru? Kila tukijaribu databesi yetu ya wakulima, websaiti inachora mstari kwa skrini. Databesi ikipata jina la mkulima haraka, mstari ni kijani. Ikichelewa, ni mwekundu.

Leo ni nyekundu tupu. Na wageni wa chama cha maziwa kutoka Manyatta wamekuja kuona kama watainunua hiyo databesi.

Bosi akachukua kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia redio, akafunika skrini yangu.

"Usituaibishe mbele ya wageni," akaninong'oneza.

Halafu akasema tuombe. Aliomba huyo! Hata ng'ombe wa Manyatta akawaombea.

Wote wakiwa wamefumba macho, nikafungua yangu, nikavuta kitambaa pole pole.

Amina. Macho yote kwa skrini.

Mama mmoja mgeni akauliza, "Hiyo nyekundu ni nini?"

"Ni wakulima wenu wakingoja kwa foleni, mama."



Nyinyi mngefunika? Semeni ukweli.

Wageni wameenda, bosi anadai kitambaa chake. Nimemwambia atakipata siku mstari utakuwa kijani.