Nilisugua Mtutu wa Shangazi kama Sufuria

"Nani alikutuma?"

Shangazi aliniuliza hivyo huku akichungulia ndani ya bunduki yake. Hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe. Jamani, nilikosea!

Shangazi ana leseni na hushindana kulenga shabaha. Bunduki yake hukaa kwenye kabati la chuma, nyumbani kwake Waithaka, ninakoishi tangu nimalize chuo. Ana sheria zake: usafishe kutoka nyuma, kamwe si kupitia mdomo wa mtutu. Kitambaa laini tu.

"Kwa nini, Anti?"

"Kwa sababu nimesema."

Hilo si jibu! Mimi huuliza hata mchungaji.

Wiki ya kuchagua timu ya taifa, aliifungua bunduki kwenye meza ya jikoni aisafishe. Timu hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto yake. Hata sanduku la safari alishanunua pale kwenye maduka ya Adams. Mara wamama wa kanisa wakabisha hodi, bila taarifa.

"Kaa hapa uichunge, wasiione," akaninong'oneza. "Na usiguse, umenisikia?" Akabeba chupa ya chai, akanifungia mlango.

Mnajua ziara za wamama. Maombi ya kufungua, wimbo, ushuhuda, wimbo, maombi ya kufunga ambayo hayafungi. Nikachoka kukaa. Nikainua mtutu, nikauchungulia kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na michirizi iliyojipinda kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikasema, aa! Kumbe kitambaa chake hakitoi kitu. Huu ni uchafu wa miaka!

Mimi nimelelewa na mama wa Kakamega. Kwetu sufuria haijaoshwa mpaka ujione uso. Nikachukua waya wa kusugulia sufuria na sabuni ya unga, nikaingiza kupitia mdomoni. Waya ukakwama! Nikausukuma kwa sindano ya chuma ya kufumia sweta. Sindano nayo ikakwama. Nikachukua mchi.

Sebuleni walikuwa wanaimba, kayamba zimekolea. Nikawa nagonga kwa kufuata mdundo ili wasinisikie. Wao wakaongeza kasi, nami nikaongeza.

"Nani huyo anapiga ngoma huko jikoni?" mmoja akauliza.

"Mtoto wa kaka yangu," Shangazi akajibu.

"Na ulituambia haamini! Huyo ameshaokoka!"

"Haleluya!" wakaitikia wote.

Waya ukatoka. Sindano ikatoka imepinda. Mdomo wa mtutu ulikuwa umebonyea kidogo, na ndani michirizi bado ipo, sasa imeongezewa mingine isiyo na mpango wowote. Nikafuta, nikanawa mikono.

Wageni walipoondoka, Shangazi alichungulia haraka haraka. "Ai, leo inang'aa!" akasema, amefurahi kweli. Ningeweza kusema! Bado angepata muda wa kuazima nyingine. Badala yake nikakusanya vikombe vya wageni.

Siku ya mashindano nilienda kumshangilia. Karatasi yake ya shabaha ilibaki nyeupe. Ya jirani yake, mzee mmoja mpole, ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopiga.

"Madam, asante kwa kunisaidia," mzee akasema. Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Aliuchungulia mtutu, safari hii polepole, kisha akanigeukia na lile swali.

Ni njiani kurudi aliponieleza kwamba ile michirizi huchongwa kiwandani makusudi. Ndiyo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Timu ilisafiri bila yeye. Sanduku liko juu ya kabati, na bado lina ile nailoni ya dukani.

Wenzangu mnaouliza kila kitu, nawasihi: mkinyimwa jibu, ulizeni tena. Msijijibu wenyewe na mchi mkononi! Na ukishaharibu cha mtu, mwambie kabla hajasimama nacho mbele za watu. Aibu utakayoikwepa wewe ataibeba yeye.

Majuzi, Upper Hill, nilikutana na mwenzake Shangazi wa klabu ya shabaha. Alinisimulia, machozi ya kicheko yakimtoka, jinsi Shangazi alivyowaambia viongozi kwamba aliusugua mtutu huo yeye mwenyewe. Angenitaja mimi, nisiye na leseni, ya kwake ingechukuliwa na mimi ningejieleza kwa polisi. Mpaka leo wanamcheka kila wanapokutana, na yeye hucheka nao.