Maziwa ya Kura

Wivu wa Mutesi haukuwa wa kelele. Ulikaa kifuani kama kaa la moto chini ya majivu, na aliyepita karibu hakuhisi joto lake. Watu wa Gikondo, mtaa wa Kigali, walimjua kwa mambo mengine: karani wa mapokezi katika ofisi moja ya Kiyovu, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, na yule mama aliyegeuza chumba cha nyuma cha gereji ya Viateur kuwa maabara.

Maabara, ndivyo walivyopenda kupaita. Palikuwa na friji bovu ambalo Viateur, fundi wa magari, alilitia balbu na kidhibiti joto, likawa la kuatamia bakteria badala ya kupoza soda. Palikuwa na sufuria ya presha iliyochemsha vyombo mpaka kila kijidudu kife. Na hadubini ilikuwa lenzi ndogo iliyobandikwa kwenye kamera ya simu. Jumamosi majirani walikuja na ikivuguto, mtindi wa nyumbani kwao, wakachungulia wenyewe viumbe waliokuwa wakiwagandishia maziwa tangu enzi za bibi zao. Hakuna profesa aliyewatuma. Walitaka tu kujua ni nini kinachoishi katika vibuyu vya Kigali kabla pakiti za dukani hazijakifuta.

Mutesi ndiye aliyewafundisha wote kunawa, kupima joto, kuchora walichokiona. Kisha akaja Gahongayire.

Gahongayire alikulia Uganda, akarudi na mbegu ya mama yake: mtindi kidogo wa kugandishia maziwa mapya, uliorithishwa kutoka chombo hadi chombo. Chini ya lenzi bakteria wake walijipanga minyororo mirefu kama shanga. Watu walipigana vikumbo kuwaona. "Yesu wangu, hawa wanacheza ngoma!" alisema Viateur, naye Viateur hakuwahi kusema hivyo juu ya bakteria wa Mutesi.

Na wangechezaje? Mbegu ya Mutesi ilitoka duka moja la mtaa wa Sonatubes. Mama yake, aliyemlea ukimbizini Karagwe, Tanzania, alikuwa na kibuyu chake, lakini ng'ombe walipokufa kibuyu kilikauka, na kilichoishi ndani yake kikafa kimya kimya. Mutesi alikumbuka harufu yake tu. Kila Gahongayire aliposema "ya mama," kaa lile lilifuka.

Ikafika Jumamosi ya kuchagua. Mbegu mbili ndizo zilizobaki, ya Mutesi na ya Gahongayire. Wanachama wangeonja, wapige kura, na itakayoshinda igawiwe kaya nyingi za mji ili waone inavyobadilika kutoka jiko hadi jiko. Ingeitwa kwa jina la aliyeileta. Mutesi alilitaka jina hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Asubuhi hiyo Gahongayire alimvuta pembeni. "Dada, jana mkwe wangu kasugua chombo changu kwa sabuni na maji ya moto. Alidhani ananisaidia! Hii chupa ndiyo yote iliyobaki. Niangalizie, nakimbia kununua vijiko."

"Nenda," alisema Mutesi.

Viateur alikuwa ameandika vibandiko kwa mkono wake mnene wenye grisi. Chupa ya Mutesi ilisomeka MAZIWA YA KURA. Ya Gahongayire ilisomeka MAZIWA YA KULA, ingawa zote mbili alikusudia ziwe za kura. Kwa Viateur, kama kwa wengi wa Kigali, L na R ni mapacha. Humwita yeyote atakayetokea kwanza. Hakuna mwanachama ambaye angeshangaa.

Ila Mzee Shami, fundi cherehani, ambaye babu yake alitoka pwani na Kiswahili chake hakina doa. Alikuja na chapati kwa ajili ya wageni, akasoma kibandiko kama kilivyoandikwa.

"Aa, hii ya kula. Mungu awabariki, mmetufikiria." Akaanza kumimina.

Mutesi alikuwa ameshika kitambaa, hatua chache tu kutoka mezani. Alisoma alichosoma Shami. Neno moja lilitosha. Alilihisi limefika kwenye ulimi, likakaa. Akaendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi huku vikombe vikizunguka, watu wakiguna kwa utamu.

Gahongayire aliporudi na vijiko, chupa ilikuwa tupu.

"Iko wapi ya kura?"

"Si hiyo hapo?" Viateur alionyesha chupa ya Mutesi.

"Hiyo ni yake. Yangu?"

Shami alitazama kikombe chake, kisha kibandiko. "Mama, hapa pameandikwa ya kula. Nasi tumekula."

"Muze, kura na kura si ni kimoja?" Viateur aliuliza kwa uchungu wa kweli, ulimi wake ukishindwa kuyatenganisha maneno hayo mawili.

"Kwako wewe! Hata mahari na mahali kwako ni kimoja?"

Watu walicheka. Sauti ikatoka nyuma: "Basi tumeshapiga kura kwa midomo. Hiyo iliyoisha ndiyo tunaitaka." Mikono ikainuka, karibu yote. Chupa ya Mutesi haikufunguliwa hata kizibo.

Gahongayire hakuinua mkono. Aliketi kwenye tairi, kiganja mdomoni. Viateur, kwa aibu, alichukua chupa tupu akaelekea bombani.

"Usioshe!" Mutesi alisikia sauti yake mwenyewe. Akamnyang'anya. Utando mweupe ulikuwa bado umeshika kioo. Akapasha maziwa mapya, akayaacha yapoe mpaka uvuguvugu, akayamimina, akazungusha chupa taratibu, akaifungia ndani ya friji lile.

Kesho yake baada ya ibada walikuwa wawili tu chumbani. Maziwa yalikuwa yameganda. Kwenye simu, minyororo ya shanga ilikuwa mahali pake. Gahongayire alilia, akajifuta, kisha akamtazama.

"Dada. Wewe uliyesomea Tanzania. Herufi ile hukuiona?"

Mutesi angeweza kusema hakuiona.

"Niliiona."

Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka. Gahongayire alimimina nusu ya maziwa katika chombo kingine, akakifunika, akamsukumia.

"Basi nusu hii utaitunza wewe. Utailisha maziwa mapya, usiku ukiamka utaifikiria. Ikifa, nitajua ni nani."

"Na jina?"

"Jina ni la mama yangu." Akafunga mkoba. "Kazi ni yako."

Mutesi alikipakata chombo njia nzima hadi nyumbani. Kilikuwa bado na joto. Alikichukia, na kila alipojikwaa alikikumbatia zaidi.