Mzee Desibeli Apima Karakana

Alikuwa mpima kelele wa manispaa. Watu walimbandika jina la Mzee Desibeli, nalo likamvimbisha kichwa. Kipimo alikining'iniza kifuani mchana kutwa, hata akienda kunyolewa. Na taratibu alizishika kweli kweli: hakwenda kupima popote kabla ya kutanguliza barua yenye mhuri, wiki nzima mapema, ikitaja siku na saa.

Safari hii barua ilikwenda kwa mafundi wa kuchomelea mageti, waliopakana na shule anakofundisha dada yake mkubwa. Dada ndiye aliyelalamika. Miaka minne alikuwa akifundisha kwa kushindana na nyundo, na sasa sauti ilikuwa inamkauka. Daktari hakumficha: karakana isipohama, ualimu basi.

Siku ilipofika, mafundi walizima kila kitu. Mgeni kaja kusikiliza, utampigia nyundo masikioni? Walimfutia kiti vumbi, wakaongea kwa kunong'ona. Mzee Desibeli akasoma kipimo, akaandika: "Utulivu wa kuridhisha." Mtu mzima, na akili zake timamu!

Ikabaki kukusanya maoni ya wananchi. Hapo kipimo hakihitajiki, kwa hiyo akakizima. Akaanza na mwenye kinu cha kusaga nafaka, mtaa wa pili.

"Kelele zinakukera?"

"Eti?"

"Kelele! Zinakukera?"

"Kelele gani?" jamaa akafoka, kinu kikinguruma mgongoni kwake. "Huku kumetulia! Labda hao watoto wa shule wakianza kuimba hesabu!"

Wote waliohojiwa walijibu vivyo hivyo: kelele ni za jirani. Ripoti ikapita, karakana ikabaki.

Mwezi uliofuata dada akamfuata ofisini. Umeme ulikuwa umekatika, na jenereta la manispaa lilikuwa likiunguruma chini ya dirisha. Dada akafungua kinywa. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Paza sauti, dada! Sikusikii!"

Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ndipo Mzee Desibeli alipoelewa, na moyo ukamuuma vibaya. Lakini mkono wenyewe ulishazoea; ukavuta fomu ya malalamiko, ukamsogezea.

Dada akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Mdogo wangu, ulipima adabu yao. Kesho narudisha chaki."

Mzee Desibeli akaisoma mara mbili. Alitaka kuomba radhi. Akachukua mhuri, akapiga: IMEPOKELEWA.