Marehemu wa Mnara wa Busia

Ukifika Busia, uliza mnara wa Mulama. Hata mtoto atakuonyesha. Mwanamume wa saruji, kifua wazi, amembeba msichana aliyefunikwa shati. Maharusi hupigwa picha pale, na wanasiasa hupangusa machozi yasiyokuwepo. Tatizo ni moja tu: Zephaniah Mulama mwenyewe yuko Malaba, anapakua magunia kwenye malori, na huko anaitwa Geoffrey.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kule Budalang'i, mto Nzoia ulipofurika. Mtumbwi ukapinduka. Msichana wa miaka sita, Sharlyne, akamng'ang'ania shati, na Zephaniah, maji yakimwingia puani, akaona watakufa maji wote wawili. Akajivua lile shati humo humo majini. Akaogelea peke yake hadi ng'ambo, akatembea siku mbili mpaka Malaba kwa aibu ya kutazamwa na mtu anayemjua.

Kesho yake mwili wa mtoto ulipatikana umezongwa na shati. Watu wakaona walichotaka kuona: shujaa alimvika mtoto nguo yake, kisha mto ukamchukua. Kwa kuwa maiti yake haikuonekana, wazee walikata mgomba, wakauzika mahali pake kama desturi inavyotaka, wakaulilia kwa dhati. Na aliyezikwa hivyo haingii tena boma la mamaye. Akiingia, anakuja na kifo. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Hii ya Zephaniah haijafika mwisho mpaka leo, na anayeitembea amechoka kabisa.

Alichotaka ni kumwona mama tu. Bomani hawezi. Lakini mwaka huu alisikia redioni kwamba mama yake, Everline, ambaye moyo unamsumbua, ataletwa mnarani siku ya kumbukumbu, huenda kwa mara ya mwisho. Mnara si boma. Akavaa kofia, akaenda.

Alimkuta mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, shada la maua mapajani, amekonda hadi inauma kumtazama. Mhubiri akiwa bado ananguruma kwenye kipaza sauti, Zephaniah akachuchumaa kando yake.

"Mama. Ni mimi."

Kikongwe hakupiga kelele. Alimtazama chini ya kofia, akamshika mkono kwa nguvu.

"Kumbe uko!"

"Niko, mama. Nilishindwa kurudi."

Furaha ilikuwa imeanza kumpanda usoni, kisha ikasimama.

"Na shati?" akanong'ona. "Si ulimvalisha mtoto?"

Angeweza kudanganya. Mji mzima ulikwisha kumdanganyia.

"Alikuwa amenishika sana, mama. Nikalivua nijiokoe."

Everline akageuka kumtazama Nasambu, mama wa Sharlyne, aliyeketi kiti cha tatu kutoka kwake. Miaka yote hii Nasambu alimletea samaki kila Krismasi, kwa shukrani. Everline akauachia mkono wa mwanawe.

"Mimi nilizika mtoto mzuri," akasema polepole. "Mwingine sina."

Mhubiri akaita jina la Everline. Akainuka kwa shida, akaitazama sanamu; shingo ya mwanamume yule wa saruji iko juu mno, hawezi kuifikia. Akamgeukia Zephaniah, na safari hii akasema watu wote wasikie:

"Boss, hebu nisaidie kuvalisha mtoto wangu maua."

Zephaniah akalipokea shada, akapanda ngazi, akamvisha yule mwanamume wa saruji, umati ukipiga makofi.