Fimbo Kutoka Mkononi mwa Benta

Benta alipokuwa akihudumia wateja katika baa moja pale Migori, wanaume walikuja kunywa na wakaondoka wameshindwa. Meza ya pool ilikuwa imeletwa majuzi tu, watu bado wanaizunguka kuishangaa. Yeye alijifunza mchana, baa ikiwa tupu, baada ya kupangusa viti. Mwaka wa tisini na moja hukumpata mwanamume aliyefurahi kupangwa naye. Mtu aliingia na maringo yake, fimbo begani, anamwita "kasichana". Kabla soda yake haijaisha alikuwa anatafuta mlango.

Aliyemfundisha ni Zablon, fundi wa redio. Zablon ndiye pekee aliyeweza kumshinda, tena si kila siku. Walicheza wakitaniana kutwa nzima, na watu waliacha kazi zao kuja kuwatazama. Kama kulikuwa na kitu kingine kati yao sijui, na Benta hakuwahi kuniambia. Baadaye Zablon alihamia Homa Bay kufungua duka lake.

Benta naye akaolewa. Mumewe alikuwa dereva wa lori la tumbaku, mtu mpole, na aliomba kitu kimoja: mke wake asiiname tena juu ya meza ya pool mbele ya walevi. Benta akaacha. Watu walisema amelazimishwa, kwa sababu watu hupenda kusema. Alimpenda yule mtu, na ukimpenda mtu kuna vitu unaviacha bila kinyongo. Akaja sokoni kuuza nyanya kando ya ndizi zangu, ndipo tukajuana. Mimi ni Orpah, Mgusii, ila nimekaa na Wajaluo miaka mingi mpaka nawagombeza kwa lugha yao.

Kisha mumewe alianza kukonda. Alikohoa mwaka mzima, nywele zikanyonyoka, na majirani wakasema ni chira, maradhi yanayompata mtu aliyevunja mwiko. Daktari alitaja jina lingine. Alimwambia Benta peke yake, mlango umefungwa, na jina hilo siku zile hakuna aliyelitamka kwa sauti. Mwanamume akazikwa, Benta akabaki na mabinti wawili, Terry na mdogo wake.

Desturi ya upande ule ni kwamba mjane hurithiwa na shemeji yake kabla hajarudi kuishi na watu kama zamani. Mpaka hapo, haingii nyumba ya mtu, na anayepokea kitu kutoka mkononi mwake anajitafutia balaa. Shemeji alikuwepo, Tony, kijana mwenye adabu, na alikuwa tayari. Benta akakataa. Wazee wakaja, akakataa. Mama mkwe akaja kulia mbele yake, akakataa. Mimi mwenyewe nilimchoka nikamuuliza.

"Mama Terry, huyu Tony amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ako na mke, na mtoto bado ananyonya. Nikimkubali, nitawaua wote."

"Si uwaambie hivyo?"

"Niwaambie nini, Orpah? Wakijua, watoto wangu watacheza na nani?"

Basi wakamwita mwenye kiburi, na yeye akaendelea kuuza nyanya zake. Nilitaka kusimama juu ya gunia nitukane soko zima, lakini siri haikuwa yangu. Waliokuja kununua nyanya kwake walizichagua wenyewe, pesa wakaziacha juu ya turubai. Walimsalimu vizuri, tena kwa heshima. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwaka wa tisini na nane habari zikafika sokoni kwamba Noordin wa Homa Bay, mwenye duka la vyuma, ameandaa mashindano ya pool yenye kikombe katika ukumbi wake. Palikuwa hapauzwi pombe pale, ni chai na sambusa tu, na yeyote aliruhusiwa kujiandikisha. Zablon alikuwa amejiandikisha. Jioni hiyo Benta alifunga nyanya zake mapema kuliko kawaida.

"Nataka kucheza na Zablon," akaniambia. "Mara moja tu."

"Unataka kikombe?"

"Kikombe nitaweka wapi? Nataka mtu acheze nami. Tangu nifiwe, ni wewe na watoto tu mnanishika mkono. Nimeanza kujiogopa mimi mwenyewe."

Nilimwuliza kama Zablon si Mjaluo kama wengine. Akacheka. Zablon, alisema, alikuwa akiyafanyia mzaha mambo ya chira tangu zamani, akisema ni ya kuwatisha wasichana. Yule hawezi kuogopa. Aliyasema hayo kwa uhakika, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Wiki nzima alifanya mazoezi nyumbani kwangu, maana mimi sikuushika mwiko ule, mezani kwa ndimu na mpini wa ufagio. Mikono ilikuwa mizito. Ndimu zilikimbilia chini ya kitanda, Terry akazifuata, na sote tukacheka. Siku ya mwisho alizipanga ndimu pembeni, akazitoa moja moja bila kukosa hata moja, akaweka ufagio mahali pake.

Kwa Noordin fimbo zilikuwa nyingi, ila iliyonyooka ilikuwa moja, na wachezaji walipokezana hiyo. Ukikosa, unampa mwenzako mkononi. Ndiyo adabu ya pool huku kwetu. Fimbo haitupwi mezani.

Wa kwanza kupangwa na Benta alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Mfangano, asiyemjua kabisa. Benta alianza vibaya. Mpira mweupe ulimponyoka, mtu mmoja akaguna, nami nikaanza kujuta nauli. Kisha nikamwona akikaa sawa. Akashusha bega, akatulia, na nyekundu zikaanza kuingia shimoni moja baada ya nyingine. Yule wa Mfangano aliipokea fimbo kwake na kumrudishia, wanataniana vizuri, na aliposhindwa alimpa mkono. Benta aliushika ule mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kabla ya mazishi.

Ikawa bahati yetu mbaya kwamba ukumbini kulikuwa na mwenye pikipiki wa Migori. Niliona midomo ikisogea masikioni. Yule wa Mfangano akatoka nje kwenye bomba, akanawa mikono mpaka viwiko, akanawa tena. Benta alimwona. Mimi pia nilimwona, na laiti ningekuwa na ndizi mkononi, ningemrushia.

Aliyefuata akasema tumbo linamsokota. Mwingine alikumbuka wageni nyumbani. Hakuna aliyemtukana Benta, hakuna aliyemwambia atoke. Waliomba radhi, wakajitoa, na Noordin akalazimika kutangaza kila mara kwamba mama wa Migori anasonga mbele. Noordin alikuwa Mwislamu kutoka pwani, hakuelewa. "Nyinyi mna nini leo?" akawauliza. Wakatazama sambusa zao.

Upande wa pili Zablon alikuwa anawapiga wote. Alikuwa amenenepa kidogo na ndevu zina mvi, lakini mkono ulikuwa uleule. Hivyo ndivyo fainali ilivyowakutanisha. Benta alisimama mezani akingoja, fimbo nzuri ameishika, na nilijua moyo wake wote uko pale.

Zablon alikuja akasimama upande wa pili wa meza. Hakunyoosha mkono.

"Benta."

"Zablon. Umezeeka."

"Hata wewe." Walitabasamu. Kisha akainamisha kichwa. "Nimesikia habari zako. Pole kwa mzee."

"Asante. Panga mipira."

Hakupanga. "Mimi mwenyewe siogopi, nyar Ndhiwa," akasema, yaani binti wa Ndhiwa, kwao Benta. "Lakini bibi yangu ni mjamzito, na mama yangu bado yuko. Kitu kikitokea nitawaambia nini?"

"Ulikuwa unacheka haya mambo."

"Wakati huo sikuwa na mtu wa kupoteza."

Neno moja tu la Benta lingetosha. Angeweza kumwambia kwa nini alimkataa Tony, kwamba ni kwa ajili ya mke mchanga wa mtu na mtoto anayenyonya, jambo lilelile alilokuwa akiliogopa Zablon. Lakini akilisema hilo, analitaja na lile jina la daktari, na ukumbi ulikuwa na masikio ya Migori. Akamgeukia Noordin.

Noordin alisema mchezo ni mchezo, asiyecheza ameshindwa, kikombe ni cha mama. "Mpe," Zablon akasema. Kikombe kikaletwa, watu wakapiga makofi, tena kwa moyo, Zablon naye akapiga. Sijui kama mtu anaweza kupigiwa makofi mabaya kuliko yale. Benta alikiweka kikombe juu ya benchi bila kukitazama.

"Haya, kikombe kimekwisha," akasema. "Sasa tucheze bure. Wewe chukua fimbo hii, mimi nichukue ile iliyopinda."

Zablon akatikisa kichwa.

"Anza wewe," Benta akasema. "Mimi nitagusa mpira mweupe tu, tena kwa ncha ya fimbo."

Akatikisa kichwa tena, machozi yakiwa kwenye ndevu. Nilitaka Benta aache. Niliona aibu kwa niaba yake, na hasira, na nilitaka kumvuta kwa kanga tuondoke. Alikuwa ameshusha bei mpaka hapakubaki cha kuuza.

"Basi nitaenda kukaa kule mlangoni," akasema. "Sitagusa kitu. Wewe uchezee wote wawili. Mimi nitakuambia mpira gani na shimo gani, na wewe unipigie. Hiyo pia ni mwiko?"

Zablon alifikiri. "Hapana," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo haina shida."

Benta aliiegemeza fimbo ukutani, akaenda kukaa mlangoni. Zablon akachukua fimbo iliyopinda. Akapanga mipira. Njano zikawa zake, nyekundu za Benta.

"Ile ya pembeni, shimo la kati. Polepole."

Zablon akapiga, ikaingia. Benta akacheka kwa sauti, kile kicheko cha baa, na mimi nikageuza uso. Aliendelea kutaja, na Zablon akapiga alivyoambiwa, wakaanza kuchokozana. "Mkono wako umekuwa wa fundi kabisa," Benta alimwambia. "Na wewe mdomo wako haujaolewa," akajibiwa. Watu wakasogea. Kwa kitambo nilisahau kwamba mmoja amekaa mbali. Nilidhani labda inatosha, labda mtu anaweza kuishi hivyo.

Benta akabakiwa na nyeusi peke yake, ile ya kumaliza mchezo, karibu na kona, njia wazi. Zablon alikuwa amebakiwa na njano moja na nyeusi.

"Nyeusi, kona ya kushoto," Benta akasema. Alikuwa amesimama sasa. "Usiikaze, Zablon. Iguse tu."

Zablon akainama. Alikaa pale muda mrefu, akapiga kwa nguvu. Nyeusi ikagonga mdomo wa shimo, ikarudi katikati ya meza. Wengine watakuambia alikosa makusudi. Mimi niliuona uso wake, na hakukusudia. Alibaki ameinama vilevile, kisha akamtazama Benta.

"Zamu yako," Benta akasema.

Zablon akatoa njano, akatoa nyeusi, mchezo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi.

"Umenishinda," Benta akamwambia. "Msalimie bibi yako." Na akatoka.

Nilimkuta kwenye kituo cha magari amesimama juani, ananyoosha kidole cha shahada na kukikunja. Kikombe nilikuwa nacho mimi kwa sababu yeye alikataa kukishika. Nikadhani atamlaani Zablon, na nilikuwa na maneno mengi ya kumsaidia.

"Nilimwambia asiikaze," akasema.

"Ulimwambia."

"Mimi ningeiingiza, Orpah. Kama ningeshika fimbo mwenyewe, ile ningeiingiza."

"Ungeiingiza," nikamwambia, nikamshika mkono, naye akalia palepale mbele ya watu wote mpaka gari likaja.