Nilivyoyaita majivu ya rweya udongo mzuri

Wakuu, wanaonizidi umri humu shikamooni. Nadhani hampo, kwa hiyo waliobaki niamkieni nyie.

Nimeona vijana mnabishana kuhusu soil test, mmoja anasema yeye udongo anaujua kwa macho tu. Nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa huyo.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Nikiongeza chumvi, kahawa yangu isizae mwakani.

Miaka ya ujamaa, huku Muleba, tulipewa maeneo kwenye kijiji kipya katikati ya rweya. Kwa wasio wa Kagera, rweya ni ile nyika ya majani ya kulishia ng'ombe. Kibanja ndiyo shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Kibanja cha baba kilikwenda kwa kaka yangu mkubwa, ndiyo mila yetu. Mimi nilibaki na jembe na mdomo.

Mdomo ulikuwa mkubwa kuliko jembe.

Na nilikuwa na haraka. Kulikuwa na binti wa Izigo, Koku, na baba yake alishasema hamtoi kwa mtu asiye na kibanja chenye ndizi. Wazee wa wakati ule hawakuuliza CV.

Siku ya kugawana maeneo nikatembea mbele ya wenzangu kama mkaguzi. Nikafika mteremko mmoja, udongo mweusi tii. Nikauchota, nikaunusa, nikausugua kiganjani, nikauonja. Naam, mbele ya watu. Nikatafuna nikameza. Nikatangaza kwamba huu ndio udongo wa kibanja, mimi nachukua hapa, msinisumbue.

Kulikuwa na bwana shamba ametoka Bukoba, kijana mpole. Akachimba shimo mpaka gotini. Juu weusi kiasi cha vidole viwili, chini changarawe nyekundu. Akaniambia ule weusi ni majivu, rweya ilichomwa kiangazi, nishuke bondeni kuna udongo wenye kina.

Nikamjibu, "Bwana shamba, wewe udongo umeusoma. Mimi nimezaliwa juu yake."

Watu wakacheka. Nikavimba. Darasa la nne langu nikaliona limeshinda chuo.

Mvua zikaja, nikapanda. Mwanzo migomba ilichipua vizuri, kila Jumapili nikawa napita Izigo kujisifu. Baadaye majani yakaanza kuwa ya njano, shina likabaki kama mkono wangu. Mkungu wa kwanza ulitoka na ndizi kama vidole vya mtoto mchanga.

Nikasema ni jua. Nikasema ni fuko. Nikasema kuna jirani ana jicho baya. Udongo sikuutaja.

Baba yake Koku akaja kukagua. Nilivaa koti. Nikampitisha kwenye migomba yenye nafuu, huku naongea mfululizo asipate nafasi ya kuangalia. Mzee akachoka na maneno yangu, akaegemea mgomba apumzike.

Ukaja wote na mizizi yake. Kidogo aende nao chini.

Akaulaza taratibu kama mgonjwa, akanigeukia.

"Kijana, hii migomba umeipanda au umeiegesha?"

Nikaanza kumweleza habari za fuko. Hakuningoja nimalize.

"Kibanja cha watu ni cheusi kwa sababu babu zao walikilisha samadi na majani mpaka wakafa. Wewe umekuta majivu ukadhani ni urithi."

Nikajua Koku ndiyo basi. Nikasahau koti, nikapiga magoti, waitu tata, yaani baba yetu, nifanyeje. Akasema binti wa kunipa hana, ila mavi ya ng'ombe anayo mengi.

Basi nikabeba, wakuu. Kutoka Izigo mpaka rweya, tenga kichwani, maji yake yananichuruzika shingoni. Napishana na watu wametoka misa, wale wale niliowajisifia. Mmoja akaniuliza kama hiyo nayo nimeshaionja.

Aliyekuwa ananipakilia ni Koku mwenyewe. Alikuwa analishindilia tenga makusudi liwe zito. Siku moja nikamlalamikia. Akasema bila kuniangalia, "Beba tu. Ukimaliza ya baba, utanibeba na mimi."

Siku hiyo nilipanda kilima nakimbia.

Migomba ilikuwa haijazaa cha maana wakati mzee aliponiita mbele ya ukoo wake. Mjomba wa Koku akauliza, je, udongo wa huyu bwana umeshakuwa mzuri?

Mzee akasema, "Udongo wake bado. Mwenyewe ndiye ameanza kuiva."

Nikapewa mke.

Funzo: usiuamini udongo kwa rangi ya juu. Chimba. Na aliyesoma akikuonyesha shimo, chungulia kwanza, mdomo utautumia baadaye. Kiburi bado ninacho, ila siku hizi kina samadi chini yake.

Nani mwingine alidanganywa na shamba lake? Semeni tu, aibu ya kwanza nimeshaibeba mimi.